Baba akinywa mbege anavua koti

SWALI: Daktari, baba yangu ana miaka 76, anaishi Marangu. Julai hii, jioni akishapata kata mbili za mbege huvua koti na kukaa nje, anasema mwili umechemka. Mimi niliyetoka Moshi mjini natetemeka ndani ya sweta. Je, ni kweli mbege inampasha mwili?
Msomaji, Moshi

JIBU: Mzee hasemi uongo, joto analihisi kweli. Ngozi yake ndiyo inayomdanganya.

Ndani ya mwili, penye moyo na ini, joto hubaki karibu nyuzi 37. Ngozi huwa na nyuzi 33 hivi, na ndiyo hasa inayoupasha ubongo habari za baridi. Baridi ikizidi, mishipa midogo ya damu chini ya ngozi husinyaa ili joto libaki ndani. Vidole vinakufa ganzi, lakini moyo unahifadhiwa. Kileo huifungua mishipa hiyo: damu ya moto inakimbilia usoni na mikononi, mzee anaona raha, kumbe joto lake linapotelea hewani. Kwenye homa ya malaria huwa kinyume: mwili unaungua, mgonjwa anaomba blanketi la pili.

Wewe kutetemeka si ulegevu. Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza takribani nyuzi 6, na lango la Marangu liko mita 1,879, karibu mita 1,000 juu ya mjini. Tena kutetemeka ni misuli kuzalisha joto. Mzee misuli imempungua, hatetemeki sana, na baridi huchelewa kuihisi.

Mbege yenyewe sina ugomvi nayo (gongo ni habari nyingine). Anywe akiwa ameshakula, ndani, na koti lake mwilini, kofia na soksi pia. Jiko la mkaa lisilale naye chumbani. Hewa yake huua bila harufu.

Ninalohofia zaidi ni hili: joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35, mtu huongea kwa kuburuza ulimi, hupepesuka, husinzia. Nyumbani watasema mzee kalewa, wamwache alale. Vipimajoto vingi vya zebaki huanzia nyuzi 35, havitakuonyesha kitu. Tia kiganja tumboni mwake chini ya nguo. Ukikuta pamepoa, mfunike vizuri na umpeleke hospitali usiku huohuo.