Viungo vya Nyaya Nyumbani: Kulehemu, Kuchomelea au Konekta?

Mteja anapojenga nyumba au kuongeza chumba, aghalabu huuliza bei ya waya, aina ya soketi na ubora wa swichi. Ni nadra kumsikia akiuliza namna nyaya hizo zitakavyounganishwa. Hali hiyo inaeleweka, kwa kuwa kiungo, yaani mahali waya mmoja unapokutana na mwingine, hufichwa ukutani au juu ya dari. Hata hivyo, waya mzima usio na jeraha ni salama kuliko ule uliokatwa na kuungwa vibaya. Katika somo hili tunaeleza njia tatu za kuunganisha nyaya, mahali kila njia inapofaa, na mambo ambayo mteja anastahili kuyadai kabla ukuta haujapigwa lipu.

Joto hutoka wapi?

Umeme unapopita penye ukinzani huzalisha joto. Kiungo kilichokaza hugusanisha shaba na shaba kwa eneo pana, hivyo ukinzani wake huwa mdogo mno. Kiungo kilicholegea hugusana kwa nukta chache tu, na hapo ukinzani huongezeka.

Tuchukue mfano. Jiko la umeme la wati 2000 katika volti 230 huvuta mkondo wa takriban ampea 8.7. Mkondo huo ukipita katika kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa omu 0.5, joto linalozalishwa hapo huzidi wati 35. Chuma kidogo cha kulehemia, kile ambacho mafundi redio hukitumia, aghalabu kina wati 25 hadi 40. Kiungo hicho basi ni sawa na chuma cha kulehemia kilichoachwa kimewashwa ndani ya ukuta, ilhali kihami cha plastiki cha nyaya za kawaida za nyumbani kimetengenezwa kuhimili nyuzi joto 70 za Selsiasi.

Sakiti breka iliyo katika ubao wa umeme haitazima umeme kwa sababu hiyo. Kazi yake ni kukata mkondo unapozidi kiwango au inapotokea shoti, na katika mfano wetu mkondo haujazidi chochote. Ndiyo maana kuwa na breka nzuri hakumwondolei mteja haja ya kuwa na viungo vizuri.

Kulehemu

Kulehemu ni kuunganisha nyaya kwa kuyeyushia juu yake lehemu, ambayo ni mchanganyiko wa bati na metali nyingine. Lehemu ya kawaida ya bati na risasi huyeyuka karibu na nyuzi 190. Shaba yenyewe haiyeyuki. Kwa kuwa lehemu ni laini, haifai kubeba mvuto wa waya: nyaya sharti kwanza zisokotwe zikaze, ndipo zilehemiwe. Aidha, ncha iliyolehemiwa haifai kubanwa kwa skrubu, kwani lehemu hubonyea polepole na skrubu ikalegea. Dawa ya kulehemu yenye asidi nayo hula shaba. Inayofaa ni ile ya ulimbo. Njia hii hufaa zaidi ndani ya vifaa vya elektroniki kuliko katika nyaya za nyumba.

Kuchomelea

Katika kuchomelea, ncha za metali huyeyushwa zikawa kitu kimoja. Kiungo cha namna hii kikifanywa vema huwa na ukinzani mdogo, wala hakina skrubu ya kulegea. Hata hivyo, kazi yake yahitaji mashine maalumu na umahiri, joto lake laweza kuharibu kihami, na kiungo hakifunguki ila kwa kukatwa. Mahali pake hasa ni katika mifumo mikubwa ya waya wa ethi, ambako waya mnene wa shaba huunganishwa na fimbo iliyozikwa ardhini kwa kuwasha unga wa oksaidi ya shaba na alumini ndani ya kalibu. Mchomeleaji wa madirisha na mageti asipewe kazi ya kuunganisha nyaya za nyumba.

Konekta

Kwa nyumba nyingi, konekta ndiyo njia inayofaa. Zipo za skrubu, za springi, na za mkebe mdogo wa metali unaobanwa kwa koleo maalumu. Ubora wake hutegemea masharti haya: konekta iwe na kiwango cha ampea kinachotosha, tundu lake lilingane na unene wa waya, kihami kimenywe kwa urefu unaotakiwa tu, shaba isibaki wazi nje, na kila waya uvutwe kwa mkono baada ya kufungwa, kuhakikisha hauchomoki.

Shaba na alumini zisisokotwe pamoja. Penye unyevu metali hizi zikigusana alumini huliwa, na kiungo hudhoofika. Zipo konekta zilizotengenezwa mahsusi kwa ajili ya metali hizo mbili.

Kuhusu desturi ya kusokota nyaya na kuzizungushia tepu pekee, tunasema wazi kuwa haitoshi. Tepu huzuia mtu kugusa shaba, lakini haibani waya.

Mteja afanye nini?

Kwanza, atumie fundi mwenye leseni. Nchini Tanzania, Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inaitambua kazi ya kufunga mifumo ya umeme kuwa ni kazi ya leseni; mteja ana haki ya kuomba kuiona.

Pili, adai kila kiungo kiwe ndani ya kisanduku chenye kifuniko kinachofikika, wala kisiachwe ndani ya paipu au chini ya lipu.

Tatu, aombe kuonyeshwa viungo hivyo, umeme ukiwa umezimwa, na avipige picha kabla ukuta haujafungwa. Picha hizo zitamsaidia fundi mwingine miaka mingi baadaye.

Nne, azitambue dalili za hatari: taa kufifia pindi jiko au pasi inapowashwa, soketi kuwa na joto au madoa ya kahawia, harufu ya plastiki inayoungua, na sauti ya kuchachatika ukutani. Akiona mojawapo, azime swichi kuu na kumwita fundi. Asiiwashe tena eti kwa sababu harufu imekwisha; kilicholegea hakijikazi chenyewe.

Gharama ya konekta moja ni ndogo sana ikilinganishwa na gharama ya kubomoa ukuta kutafuta kiungo kilichoungua, achilia mbali hasara ya moto. Swali la "mtaziunganishaje nyaya?" na liulizwe siku ya kupatana bei, wakati jibu lake bado lingali mikononi mwa mteja.