Kununua Vifaa vya Kuvulia Besi: Soma Namba, Taja Kusudi

Besi mwenye kinywa kikubwa si mwenyeji wa maji yetu. Aliletwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1929 kutoka Marekani ili avuliwe kwa burudani, na tangu wakati huo amekuwa kitoweo kwa wakazi na kivutio kwa wageni. Samaki amekuwa wa hapa, lakini vifaa vya kumvulia vingali vinatoka ng'ambo kwa kiasi kikubwa, na lebo zake zimejaa ratili, aunsi na futi. Mnunuzi asiyezielewa namba hizo hulazimika kununua kwa macho: huvutwa na rangi ya ufito, mng'ao wa rili au maneno ya muuzaji. Hasara huonekana ziwani, wakati mshipi unapokatika na samaki anapokwenda zake akiwa na ndoana kinywani.

Somo hili linamfundisha mnunuzi mambo mawili. La kwanza ni kuhakikisha kwamba namba za ufito, rili, mshipi na chambo zinapatana. La pili ni kumweleza muuzaji kusudi la ununuzi kabla ya kutaja jina la kampuni yoyote. Jambo la kwanza huokoa fedha. La pili hulinda haki ya mnunuzi mbele ya sheria, kama itakavyoelezwa mwishoni.

1. Mjue samaki na maji yake

Besi ni mwindaji wa kuvizia. Hujificha kando ya mafunjo, chini ya magugu maji, penye visiki vilivyozama au mawe, kisha hukirukia kiumbe kinachopita karibu. Katika Naivasha chakula chake kikubwa ni kamba wa maji baridi mwenye rangi nyekundu, aliyeingizwa ziwani mwaka 1970. Hula pia samaki wadogo na vyura.

Mambo mawili yanafuata kutokana na tabia hiyo. Kwanza, vifaa vitumike kumtoa samaki haraka penye majani na visiki, kwa hiyo mshipi mwembamba mno haufai. Pili, besi wengi si wazito kiasi cha kuhitaji vifaa vya baharini. Rekodi ya dunia ya samaki huyu, iliyowekwa katika jimbo la Georgia nchini Marekani mwaka 1932 na kufikiwa tena nchini Japani mwaka 2009, ni takriban kilo 10 tu. Anayeuziwa ufito mnene wa kuvulia jodari ili akavue Naivasha amelipia nguvu asiyoihitaji, na mkono wake utachoka kabla ya adhuhuri.

2. Vipimo vya kukariri

Lebo nyingi hutumia vipimo vya Kimarekani. Mnunuzi akariri vitatu:

- Ratili moja, inayoandikwa lb, ni karibu kilo 0.45. Mshipi wa ratili 12 ni wa kilo 5.4.
- Aunsi moja, inayoandikwa oz, ni karibu gramu 28. Chambo cha nusu aunsi kina gramu 14.
- Futi moja ni karibu sentimita 30. Ufito wa futi 7 una urefu wa mita 2.1.

3. Mshipi: anzia hapa

Wanunuzi wengi huanza na ufito kwa kuwa ndio unaoonekana. Ni afadhali kuanza na mshipi, kwa sababu namba yake ndiyo inayoongoza namba za vifaa vingine vyote. Kwa besi wa Naivasha, mshipi wa nailoni wa ratili 10 hadi 14 humtosha anayeanza.

Mishipi iko ya aina tatu. Nailoni ni ya bei nafuu, hunyumbuka na husamehe makosa ya mkono usiozoea, lakini hunywa maji na kudhoofishwa na jua. Florokaboni huzama, haionekani sana majini na huvumilia msuguano zaidi, ila ni ngumu na bei yake ni ya juu. Mshipi wa kusuka una nguvu nyingi kwa unene mdogo na karibu haunyumbuki. Hufaa sana penye magugu mazito. Hata hivyo, huhitaji fundo linalofaa, kwa maana fundo la kawaida la nailoni huteleza, na unaweza kumkata mtu vidole akiuvuta kwa mikono mitupu.

Lebo ya mshipi ina namba mbili za kulinganishwa: nguvu na unene. Hapa ndipo udanganyifu hujificha. Nailoni ya kawaida yenye unene wa milimita 0.30 hukatika kwa uzito wa kati ya kilo 4 na 7 hivi. Ukiona lebo ya nailoni ya unene huo inayodai kilo 20, lebo hiyo si ya kuaminika, kwa kuwa nailoni haina uwezo huo. Namba kama hiyo inaweza kuwa ya kweli kwa mshipi wa kusuka, si kwa nailoni. Lebo isiyoonyesha unene kabisa haimpi mnunuzi njia ya kupima dai la muuzaji, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kuiacha.

Kagua pia hali ya mshipi wenyewe. Kigurudumu kilichoanikwa dirishani mwa duka kwa miezi mingi kimeharibiwa na jua. Vuta kipande kifupi, kipitishe kati ya vidole, kisha kifunge fundo na ukivute polepole. Nailoni iliyopauka, yenye mikwaruzo au inayokatika kama uzi mkavu haifai hata ikiuzwa kwa nusu ya bei.

4. Ufito: maandishi yaliyo juu ya mshiko

Ufito halali wa dukani una maandishi karibu na mshiko: urefu, nguvu, uzito wa mshipi na uzito wa chambo. Kwa besi, tafuta ufito wa futi 6 na nusu hadi 7, wenye nguvu ya wastani, wa mshipi wa ratili 8 hadi 14 na chambo cha robo aunsi hadi aunsi 5/8, yaani gramu 7 hadi 18 hivi. Ufito usio na maandishi hayo humwacha mnunuzi akikisia.

Uliza pia umetengenezwa kwa nini. Ufito wa nyuzi za kioo ni mzito kidogo, lakini huvumilia kugongwa na kukanyagwa. Unamfaa mtoto na mwanafunzi. Ufito wa kaboni ni mwepesi na hufikisha mkononi mguso mdogo wa samaki, lakini huvunjika ukigongwa ubavuni. Alama kama IM6 au IM8 zisikutishe wala zisikuvute: ni majina ya kibiashara, wala hakuna kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote.

Kabla ya kulipa, pitisha pamba ndani ya kila pete ya ufito; nyuzi za pamba zikinasa, pete hiyo ina ufa utakaokata mshipi. Unganisha vipande vya ufito, utazame kama pete zimenyooka katika mstari mmoja, kisha uutikise uone kama unalegea kwenye kiungo.

Tahadhari: kaboni hupitisha umeme. Usiubebe ufito ukiwa umeuinua chini ya nyaya za umeme, na uulaze chini mara tu unaposikia radi. Ufito wa kioo uliolowa maji nao si salama.

5. Rili: usihesabu gololi

Rili ni kifaa kinachohifadhi na kuzungusha mshipi. Iko ya kuning'inia chini ya ufito, ambayo kigurudumu chake kimetulia wakati wa kurusha, na iko ya ngoma, inayokaa juu ya ufito na ambayo ngoma yake huzunguka mshipi unapotoka. Ya ngoma huleta nguvu na shabaha, lakini mikononi mwa asiyeizoea mshipi hufumka na kujisokota. Anayeanza achukue ya kuning'inia.

Matangazo hupenda kutaja idadi ya gololi za ndani, kana kwamba kumi na tatu lazima zishinde tano. Idadi haithibitishi ubora. Gololi tano nzuri hupita kumi na tatu zinazoshika kutu. Uwiano wa gia una maana zaidi: 6.2 kwa 1 maana yake mzunguko mmoja wa mkono huzungusha mshipi mara 6.2, na kiwango hicho hutosheleza kazi nyingi za besi.

Sehemu ya kupimwa kwa makini ni breki ya rili, inayouachia mshipi utoke samaki anapovuta kwa nguvu. Omba kuivuta dukani: mshipi utoke kwa ulaini bila kushtukashtuka. Breki hurekebishwa iachie kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Kwa mshipi wa kilo 5.4, breki iachie kati ya kilo 1.4 na 1.8. Mizani ndogo ya kuning'iniza, kama ile ya kupimia nyama, hutosha kwa kipimo hicho.

6. Chambo bandia, ndoana na chubwi

Sanduku la vyambo hamsini kwa bei ya kutupwa ni mtego wa mvuvi kuliko wa samaki. Vyambo vitatu vilivyo imara humtosha anayeanza: mnyoo au kamba wa plastiki laini, ambaye ncha ya ndoana hufichwa mwilini mwake ili usinase magugu, chambo chenye bapa la chuma linalozunguka, kwa maji yaliyochafuka, na kisamaki cha kupiga mbizi, kwa maji ya wazi. Rangi nyekundu na kahawia zinazofanana na kamba wa ziwani ni chaguo la busara.

Kagua ndoana kwa kuigusisha ukucha taratibu: ikiteleza ni butu, ikishika ni kali. Iminye kidogo kwa koleo. Inayonyooka kwa urahisi itanyooka pia kinywani mwa samaki.

Chubwi nyingi hutengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa binadamu na kwa ndege. Usiibane chubwi kwa meno, nawa mikono kabla ya kula, na usimpe mtoto achezee. Mshipi uliokatika urudishwe nyumbani, kwa kuwa nailoni hukaa miaka mingi bila kuoza na huwanasa ndege wa ziwani.

7. Zoezi la dukani

Mnunuzi anaonyeshwa kifurushi kimoja: ufito ulioandikwa mshipi wa ratili 8 hadi 14 na chambo cha gramu 7 hadi 18, rili ya kuning'inia iliyoandikwa ratili 12 kwa mita 130, nailoni ya milimita 0.30 inayodai kilo 20. Na kisamaki cha gramu 28. Je, anunue?

Jibu: ufito na rili vinapatana. Dai la nailoni si la kuaminika. Chambo kinazidi uwezo wa ufito kwa gramu 10 na kinaweza kuuvunja wakati wa kurusha. Aombe kununua ufito na rili pekee, au vitu viwili visivyofaa vibadilishwe kabla ya kulipa.

8. Kwa nini utaje kusudi

Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, mnunuzi anayemjulisha muuzaji kusudi la bidhaa, akionyesha kwamba anautegemea ujuzi wake, ana haki ya kupata bidhaa inayolifaa kusudi hilo, mradi ni ya aina ambayo muuzaji huyo huiuza katika biashara yake. Lakini mnunuzi akitaka bidhaa maalumu kwa jina lake la kibiashara, anaweza kuupoteza ulinzi huo. Kwa hiyo usiseme, "Nipe rili ya kampuni fulani." Sema, "Ninataka rili ya kuvulia besi Naivasha, kwa mshipi wa ratili 12. Unanishauri ipi?" Ukiweza, andika ombi hilo kwa ujumbe wa simu, ili ubaki na ushahidi.

Sheria hiyo hiyo haimlindi mnunuzi dhidi ya kasoro ambazo alipaswa kuziona alipoikagua bidhaa. Ukaguzi ulioelezwa hapo juu, kwa hiyo, ufanywe kikamilifu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 nacho kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa anazohitaji ili anufaike nazo, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro.

Bidhaa ikikuangusha, irudishe mapema pamoja na risiti na lebo, ueleze kasoro kwa maandishi, na utaje unachodai: kubadilishiwa, kutengenezewa au kurudishiwa fedha. Muuzaji akikataa, dai lisilozidi shilingi 1,000,000 linaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo.

Orodha ya kubeba dukani

- Kusudi langu nimelitaja, na nina ushahidi wake.
- Mshipi umeandikwa nguvu na unene, na namba hizo zinaaminika.
- Uzito wa mshipi na wa chambo uko ndani ya mipaka ya ufito.
- Pete za ufito, breki ya rili na ncha za ndoana nimezikagua mwenyewe.
- Risiti imeandikwa jina la kila kifaa, bei na tarehe.
- Leseni ya uvuvi nimeiulizia kabla ya kwenda ziwani.