Somo la Saba: Kwa Nini Panzi ni Wengi na Mwewe ni Wachache?

Simama kando ya shamba la shule wakati wa mvua. Ukipita katikati ya majani, panzi huruka mbele ya miguu yako kila hatua, wala huwezi kuwahesabu. Ukitafuta vizuri utaona mijusi, lakini si wengi kama panzi. Sasa tazama juu. Huenda ukamwona mwewe mmoja akizunguka angani, au usimwone kabisa.

Watu wote wamezoea kuona hivyo, na kwa kuwa wamezoea hawaulizi. Mwanafunzi wa sayansi hana budi kuuliza. Kwa nini panzi ni maelfu na mwewe ni mmoja? Kwa nini haitokei siku mwewe wakawa maelfu na panzi akawa mmoja? Jibu lake si kwamba panzi huzaa sana. Hiyo ni kweli, lakini kuna sababu kubwa zaidi, nayo ndiyo tutakayojifunza katika somo hili.

Mahali na viumbe vyake

Tuchukue mfano wa Nyabibuye, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Hadi mwaka 2012 Nyabibuye ilikuwa katika Wilaya ya Kibondo. Tangu wakati huo imo katika Wilaya ya Kakonko. Ni nchi ya vilima na mabonde. Karibu na nyumba kuna migomba, na mashamba ya mahindi, maharagwe na muhogo. Mbele zaidi kuna msitu wa miombo. Mabondeni kuna maji, matete na mafunjo.

Viumbe hai wa mahali fulani hawaishi kila mmoja peke yake. Wanategemeana, na wote hutegemea vitu visivyo hai, yaani udongo, maji, hewa, joto na mwanga wa jua. Viumbe hao pamoja na vitu hivyo huitwa mfumo wa ikolojia. Msitu wa miombo ni mfumo wa ikolojia. Bonde lenye matete ni mfumo mwingine. Hata kichuguu kimoja chaweza kutazamwa kuwa mfumo mdogo. Usifikiri kwamba mifumo hii imezungushiwa ua: chura huzaliwa majini bondeni, kisha hupanda shambani kukamata wadudu.

Nishati hutoka wapi?

Kila kiumbe huhitaji nishati, yaani uwezo wa kufanya kazi. Panzi huitumia kuruka, mwewe kupaa, na wewe kukimbia, kufikiri na kuufanya mwili wako uwe na joto. Nishati hiyo hutoka katika jua.

Lakini ukikaa juani kutwa nzima hutashiba. Mwili wako hauwezi kugeuza mwanga kuwa chakula. Wa panzi na wa mwewe pia hauwezi. Mimea ya kijani ndiyo iwezayo. Katika majani mna rangi ya kijani iitwayo klorofili. Kwa msaada wa rangi hiyo mmea huchukua mwanga wa jua, maji ya udongoni na hewa ya kabonidayoksaidi, ukatengeneza chakula. Kwa sababu hiyo mimea huitwa wazalishaji.

Mimea nayo haichukui mwanga wote. Kati ya sehemu 100 za nishati ya jua zinazofika shambani, mimea huhifadhi kiasi cha sehemu 1 tu ndani ya majani, mashina, mizizi na mbegu. Wanyama wote wa nchi hii, pamoja na watu, hula kutoka katika sehemu hiyo moja.

Njia ya nishati

Panzi hula majani. Yeye ni mlaji wa kwanza. Mjusi humla panzi, basi ni mlaji wa pili. Mwewe humla mjusi, naye ni mlaji wa tatu. Tunaweza kuandika hivi:

majani → panzi → mjusi → mwewe

Huu ni mnyororo wa chakula. Mshale huonyesha nishati inakokwenda; kwa hiyo ncha yake humwelekea mlaji. Wanafunzi wengi hukosea hapa, wakauelekeza mshale kwa anayeliwa.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme majani ya mahali fulani yana nishati ya mizani 1,000. Panzi hawali majani yote. Yale wanayoyala, sehemu nyingine hutoka kama mavi. Na sehemu kubwa zaidi hutumika kuruka, kupumua na kutafuta chakula, kisha hupotea hewani kama joto. Nishati inayobaki kuwa mwili wa panzi ni kama mizani 100. Kwa mijusi hubaki kama mizani 10. Kwa mwewe hubaki kama mizani 1. Hesabu hii ya sehemu moja kati ya kumi si sheria kamili. Mahali pengine huzidi na pengine hupungua. Lakini daima nishati hupungua katika kila hatua, na iliyopotea kama joto hairudi tena kwa majani.

Umepata jibu la swali letu. Majani mengi hulisha panzi kiasi, panzi wengi hulisha mijusi wachache, na mijusi wengi huhitajika kumlisha mwewe mmoja. Kama mwewe wangekuwa maelfu, wangekufa kwa njaa kabla ya mwezi kwisha.

Sasa fikiria mnyama mkubwa aliye mwisho wa mnyororo. Katika mabonde makubwa ya mito Malagarasi na Moyowosi anaishi ndege aitwaye korongo nyangumi, mrefu kupita mtoto wa chekechea, mwenye mdomo mpana kama kiatu. Hula samaki, hasa kamongo aishiye matopeni. Ndege huyu hawezi kutosheka na kibwawa kidogo, bali huhitaji eneo kubwa lenye mafunjo, matope na samaki wengi. Mwaka 2000 mabonde hayo yaliandikishwa kuwa eneo la kwanza la Tanzania katika orodha ya dunia ya ardhioevu zinazostahili kutunzwa. Mtu akikausha bonde dogo alime, mafunjo huweza kuota tena mahali pengine. Mabonde mengi yakikaushwa, korongo nyangumi ndiye wa kwanza kutoweka, kwa kuwa alikuwa akiishi kwa masazo ya masazo.

Kwa kweli minyororo mingi huungana. Kuku hula panzi na mahindi. Mwewe hula mjusi na kifaranga. Mtu hula mahindi, kuku na samaki. Ukichora mishale yote utapata kitu mfano wa wavu, nacho huitwa wavu wa chakula.

Kazi ya mchwa na uyoga

Majani yanayoanguka msituni huenda wapi? Miombo huangusha majani mengi kila kiangazi. Kama yasingeondolewa, baada ya miaka mia moja msitu ungezikwa na majani yake wenyewe.

Wanaoyaondoa ni waozeshaji: kuvu, bakteria na wadudu wengi. Katika nchi yetu mchwa wana kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mtu humchukia mchwa kwa sababu hula nguzo za nyumba, na hana makosa kumchukia. Lakini msituni mchwa hukusanya vijiti na majani makavu, akavipeleka kichuguuni. Wako mchwa wasioweza kusaga miti vizuri kwa tumbo lao wenyewe, kwa hiyo huotesha kuvu juu ya miti waliyoitafuna, kisha hula kuvu hiyo pamoja na miti iliyolainika. Ni wakulima wa chini ya ardhi. Mvua zikianza, kutoka katika mashamba yao huchipuka juu ya kichuguu uyoga mweupe mkubwa, ambao watu huuchuma na kuupika. Wakati huohuo kumbikumbi huruka, na kila mtu hukimbilia taa na chombo.

Sokwe nao hupenda mchwa. Mwaka 1960, huko Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, Jane Goodall alimwona sokwe akichomeka kijiti katika tundu la kichuguu, akakitoa kikiwa kimejaa mchwa, akawala. Sokwe hula pia matunda na majani. Basi katika wavu wa chakula huyu yuko hatua zaidi ya moja, kama mtu.

Waozeshaji wakimaliza kazi, madini yaliyokuwa ndani ya majani hurudi udongoni, na mizizi huyanyonya tena. Hapa ndipo penye tofauti ambayo lazima uikumbuke. Madini huzunguka: udongo, mmea, mnyama, udongo tena. Nishati haizunguki. Huingia kutoka juani, hupita, na kutoka kama joto. Kesho jua lisipochomoza, madini yote ya Kigoma hayatatupikia hata bakuli moja ya uji.

Udongo wa miombo kwa kawaida hauna madini mengi. Utajiri wake umo katika miti na majani yaliyooza. Mkulima akifyeka na kuchoma msitu, majivu humpa mavuno mazuri mwaka wa kwanza na wa pili. Baadaye mavuno hupungua, kwa kuwa mvua imechukua majivu, na hakuna majani mapya ya kuozesha. Samadi, mboji na mabua yaliyolazwa shambani hufanya kazi ileile ya majani ya msituni.

Moto na kuni

Ukuni ni nishati ya jua iliyohifadhiwa. Mti wa miombo wenye unene wa paja la mtu mzima huweza kuwa umekua kwa makumi ya miaka, nao huteketea jikoni kwa siku chache. Katika mafiga matatu sehemu kubwa ya joto huenda pembeni, isifike chunguni.

Kuanzia mwaka 1993 watu wengi sana walikimbia vita nchini Burundi, wakapokelewa katika wilaya za Kibondo na Kasulu na sehemu nyingine. Mwaka 1996 ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, kwa wakimbizi waliotoka Kongo. Kila nyumba, ya mwenyeji na ya mgeni, ilihitaji kuni za kupikia maharagwe, na msitu wa karibu ukapungua mwaka hata mwaka. Hakuna aliyefanya kosa kwa kupika chakula. Tatizo lilikuwa la hesabu: kuni zilizochukuliwa kwa mwaka zilizidi kuni ambazo msitu ungeweza kuotesha kwa mwaka. Jiko linalofunika moto hupunguza kuni. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi kuliko makavu. Jambo hili unaweza kulijaribu nyumbani leo.

Miombo ina sifa moja njema. Ikikatwa huchipua tena kutoka kwenye visiki na mizizi. Lakini moto wa mwisho wa kiangazi, nyasi zikiwa kavu kabisa, ni mkali kuliko moto wa mwanzo wa kiangazi, nao huua machipukizi hayo pamoja na miche.

Dagaa wa sokoni

Dagaa wanaouzwa katika masoko ya Kibondo na Kasulu hutoka Ziwa Tanganyika. Ziwani hakuna panzi wala miombo, lakini utaratibu ni uleule. Wazalishaji ni mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Vijidudu vya majini hula mwani, dagaa hula vijidudu, migebuka hula dagaa, na mtu hula dagaa na migebuka.

Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 hivi. Viumbe vikifa huzama, na madini yake huzama pamoja navyo. Wakati wa kiangazi pepo kali huvuruga maji, na baadhi ya madini hupanda juu kwenye mwanga, mwani ukastawi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba maji ya juu ya ziwa yamekuwa na joto zaidi kuliko zamani. Maji ya moto ni mepesi. Hukaa juu ya maji baridi kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo hauyachanganyi kwa urahisi. Mwani umepungua, na walao mwani hawana budi kupungua.

Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaane. Kupumzisha ziwa huwapa samaki nafasi ya kukua. Hata hivyo, hakuwezi kuyapandisha madini yaliyo vilindini.

Jaribio

Chukueni kamba na vijiti vinne, mpime mraba wa mita 1 kwa mita 1 katika majani karibu na shule. Kwanza pigeni majani kwa fimbo ndefu ili nyoka, kama yupo, aondoke. Hesabuni mimea, kisha wadudu walao majani, kisha buibui na wanyama wengine walao wadudu. Andikeni hesabu zote ubaoni. Rudieni kazi hiyo msituni au bondeni, mlinganishe.

Maswali

1. Andika mnyororo wa chakula unaoanza na muhindi na kuishia kwa mtu, wenye hatua tatu. Andika mwingine wenye hatua mbili. Ni upi unaoweza kulisha watu wengi zaidi kwa shamba lilelile? Eleza kwa nini.
2. Majani yana nishati ya mizani 5,000. Kwa hesabu ya sehemu moja kati ya kumi, ni mizani mingapi itakayomfikia mlaji wa pili?
3. Kama mchwa, kuvu na bakteria wote wangetoweka katika msitu wa miombo, nini kingetokea mwaka wa kwanza? Na baada ya miaka ishirini?
4. Uliza nyumbani kuni zinakotoka sasa, na zilikotoka wakati babu na bibi walipokuwa na umri wako. Leta majibu darasani.