Kupima Lundo la Magogo kwa Picha

Wazazi wengi wa shule yetu, hapa Mufindi, hupanda misindano na milingoti na kuiuza kwa malundo. Kwa hiyo nimeona vema, mimi mwalimu wa hesabu, niandike somo hili, ili mwanafunzi aweze kumsaidia mzazi wake siku mnunuzi anapokuja na simu mkononi na kusema, "Picha imekwisha hesabu."

Kwanza tutofautishe ujazo wa lundo na ujazo wa mti. Chukua lundo lenye urefu wa mita 6 na kimo cha mita 2, na kila gogo lina urefu wa mita 2. Ujazo wa lundo ni 6 × 2 × 2, yaani mita 24 za ujazo. Lakini humo mna hewa katikati ya magogo. Mnunuzi hapendi kulipia hewa, wala muuzaji hapendi kutoa mti bure.

Je, hewa hiyo ni kiasi gani? Chora mraba, kisha ndani yake chora duara linalogusa pande zote nne. Duara hilo huchukua 0.785 ya mraba, yaani pai gawanya kwa 4. Basi magogo ya duara kamili, yaliyo sawasawa na kupangwa moja juu ya jingine, hujaza asilimia 78.5 tu. Yakilala kila moja katika bonde la mawili ya chini, hujaza asilimia 90.7. Lakini hayo ni magogo ya karatasini. Ya shambani yamepinda na yana vifundo, hivyo hewa huzidi.

Sasa tutazame picha. Picha ya simu imejengwa kwa nukta ndogo ndogo za mraba ziitwazo pikseli. Simama mita 8 mbele ya lundo, kamera ielekee uso wake moja kwa moja, si kwa upande. Simamisha ufito wa mita 1 ukigusa vichwa vya magogo, kisha piga.

Tuseme ufito umechukua pikseli 400. Mita 1 ya mraba ni 400 × 400, yaani pikseli 160,000. Programu hupaka rangi vichwa vya magogo na kuzihesabu pikseli zake. Zikiwa 1,248,000, gawanya kwa 160,000. Utapata mita 7.8 za mraba. Zidisha kwa urefu wa gogo, mita 2: mti ni mita 15.6 za ujazo. Yaani asilimia 65 ya lundo; iliyobaki ni hewa.

Hatari iko wapi? Iko katika ufito. Ukiwekwa sentimeta 23 mbele ya lundo, huonekana mrefu zaidi, pikseli 412. Fanya hesabu upya: mti unakuwa mita 14.7. Muuzaji amepoteza karibu mita 1 nzima ya ujazo, wala hakuna aliyegusa gogo! Kosa la asilimia 3 katika urefu huwa karibu asilimia 6 katika eneo, maana urefu huzidishwa kwa wenyewe.

Basi yafaa kukumbuka haya. Ufito uguse lundo. Urefu wa magogo upimwe kwa futikamba, kwani picha ya mbele haiuonyeshi. Lundo lipigwe picha pande zote mbili na kuchukua wastani, maana gogo lina shina nene na ncha nyembamba. Mpatane mapema kama magome yanahesabiwa. Tena, ombeni kuiona picha iliyopakwa rangi: je, kuna gogo lililorukwa?

Zoezi: Lundo lina urefu wa mita 5, kimo mita 1.5, na magogo ya mita 2. Ufito wa mita 1 ni pikseli 300. Vichwa vya magogo ni pikseli 459,000. Mti ni kiasi gani, na hewa ni asilimia ngapi? Lifanyeni nyumbani pamoja na wazazi. Mali bila daftari hupotea bila habari.