Kifaru cha Karatasi

Fundi wa mashua kisiwani Pemba hukadiria kwa jicho, na chombo chake huelea vema. Lakini atakaye kufanya kwa karatasi mfano wa Panzer II, kifaru chepesi cha Wajerumani kilichopigana Afrika ya Kaskazini tangu 1941, hana budi kutumia hesabu.

Urefu wa kifaru hicho ulikuwa sentimita 481, na upana 222. Gawanya kila kipimo kwa 25: urefu utakuwa sentimita 19 na kidogo, upana karibu 9. Hata magurudumu, matano makubwa kila upande, yagawanywe kwa 25 iyo hiyo; yakizidi, minyororo haitaenea.

Pa kukunjia pakwaruzwe kwa mgongo wa kisu. Wanga wa muhogo uliopikwa wafaa kuwa gundi, ila usipakwe mwingi. Karatasi ikilowa hujipinda.