Dondoo muhimu: Vigae vya bafu katika nyumba ya kale ya Mji Mkongwe

Anza na boriti, rangi baadaye. Katika nyumba za mawe za Zanzibar, sakafu ya ghorofani hubebwa na boriti za mikoko, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa. Fundi azikague ncha zilizoingia ukutani, maana huko ndiko huozea. Usirundike vigae vipya juu ya vya zamani: uzito huo ni hatari. Chini ya vigae liwepo tabaka la kuzuia maji.

Chagua vigae vidogo visivyong'aa. Viungo vyake vingi hupunguza utelezi, na hufuata vizuri mteremko wa kuelekea kwenye tundu la maji. Dukani omba kimoja, kimwagie maji ya sabuni, ukikanyage pekupeku. Kikiteleza, kiache, hata kiwe kizuri namna gani.

Vigae vya saruji vyenye maua hupendeza mno katika nyumba hizi, ila hunywa maji. Vipakwe dawa ya kuzuia maji kabla ya kujaza viungo, na visisuguliwe kwa siki wala asidi.

Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2000. Uliza mamlaka husika kabla ya kubomoa chochote.