Mwanasaikolojia Tiba ni Nani, na Humtibu Nani?

Chukulia mfano wa mwendesha bodaboda aliyegongwa katika barabara ya Goba kuelekea Mbezi Mwisho. Miezi mitatu baadaye mfupa umeunga na anatembea bila magongo. Hata hivyo, kila asikiapo honi ya lori moyo humwenda mbio, usiku hushtuka usingizini, na pikipiki imebaki uani. Nyumbani huitwa mvivu. Majirani hunong'ona kwamba amerogwa. Picha ya eksirei haionyeshi kasoro yoyote.

Mtu huyo anahitaji mwanasaikolojia tiba. Wengi humchanganya mtaalamu huyu na daktari bingwa wa magonjwa ya akili, ambaye husomea kwanza udaktari na huandika dawa. Mwanasaikolojia tiba haandiki dawa. Hupima na kutibu mawazo, hisia na mwenendo kwa mazungumzo yenye utaratibu. Wapo wagonjwa wanaowahitaji wote wawili.

Wala si taaluma ya vichaa, kama inavyodhaniwa vijiweni. Lightner Witmer alipofungua kliniki katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, mwaka 1896, mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mwanafunzi aliyeshindwa tahajia. Nchini, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hufundisha saikolojia tiba katika ngazi ya shahada ya uzamili.

Kwa mwendesha bodaboda yule, tiba haianzi kwa kuambiwa ajikaze. Mtaalamu humsikiliza, humpima kwa dodoso, kisha humwongoza kuikaribia hofu hatua kwa hatua: kuisimulia ajali yote, kukaa juu ya pikipiki iliyozimwa, kuiendesha uchochoroni, hatimaye kurudi barabarani. Hofu hukua kadiri inavyokwepwa, na hupungua mwili unapojifunza kwamba honi si ajali. Vikao huwa kwa kawaida mara moja kwa wiki, na hapana budi mgonjwa afanye mazoezi nyumbani. Asiyeyafanya huchelewa kupona. Yanayosemwa hubaki siri, isipokuwa uhai wa mtu ukiwa hatarini.

Mkazi mwenye tatizo la namna hii aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, aeleze hali yake bila kuficha na aulizie rufaa. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara ya afya ya akili. Anayefikiria kujiua asisubiri rufaa: afikishwe hospitali iliyo karibu saa yoyote, usiku au mchana, na asiachwe peke yake njiani.